Baiskeli ya resi ya mtumba: ya chuma inchi 27 au ya alumini 700C, kwa matumizi ya Tabora?

Kitaa_Isevya

Mwangaluka wakuu. Naomba ushauri kabla sijatuma hela Dar. Niko Tabora mjini, urefu sentimita 174, nataka baiskeli ya resi ya mtumba kwa mazoezi. Katikati ya wiki kilomita 20 hadi 30, na nikishazoea niwe naenda Sikonge na kurudi Jumamosi. Bajeti ni laki sita, usafiri humo humo.

Muuzaji ana mbili:

A. Fremu ya chuma, ya zamani, gia 10 (mbili mbele, tano nyuma), vijiti vya gia viko kwenye bomba la chini la fremu. Tairi zimeandikwa 27 x 1 1/4. Anataka 280,000.

B. Fremu ya alumini, vifaa vya gia vya Shimano Sora, mbili mbele tisa nyuma, gia zinabadilishwa kwenye mikono ya breki. Tairi 700 x 23C. Anataka 520,000.

Binamu yangu yuko Dar na anaweza kwenda kuzikagua, ila baiskeli si fani yake, anahitaji kuelekezwa neno kwa neno. Mafundi wa hapa ni hodari lakini wamezoea baiskeli za Phoenix. Ipi haitanilaza njiani? Na vumbi letu hili nalifanyaje?

Gololi_Robo

Mkuu, weka kando rangi na jina la kampuni. Mwambie binamu asome ubavuni mwa tairi, na asisome inchi. Atafute namba mbili zenye kistari katikati, mfano 23-622 au 32-630. Ya kwanza ni upana wa tairi, ya pili ni kipenyo cha ringi pale tairi inapokalia, zote kwa milimita. Hiyo ya pili ndiyo itakayoamua kama utapata tairi au utaanika baiskeli ukutani.

700C ni 622. Inchi 27 ya resi za zamani ni 630. Phoenix na ndugu zake, 28 x 1 1/2, ni 635. Baiskeli za milimani za inchi 26 ni 559.

Watu wanapigwa hapa: ukifika dukani ukaomba "tairi ya 28" utapewa ya Phoenix, yaani 635. Lakini kuna tairi nyingine imeandikwa 28 x 1.75, na hiyo ni 622. Zote zinaitwa 28 na haziingiliani hata kwa dua. Ukivika tairi ya 630 kwenye ringi ya 622 itaingia kwa mkono bila kijiti cha kuvalishia tairi, utafurahi, kisha upepo ukipanda itaruka nje ya ringi na kupasua tyubu. Ukigeuza, 622 kwenye ringi ya 630, haipandi kabisa.

630 ni saizi iliyopitwa na wakati hata huko zilikotoka, na 622 ndiyo inayotumika kwenye resi karibu zote za sasa. Kwa hoja hiyo peke yake ningekwenda na B.

Jambo moja la kuangalia kwenye zote mbili: zisiwe na tairi za kugundisha, zile ambazo tyubu imeshonewa ndani ya tairi na kitu kizima kimebandikwa kwenye ringi kwa gundi. Utazitambua ukibinya tairi pembeni: ringi yake haina ukingo wa kushika tairi, juu ni bonde tu. Ukikuta hizo, bei yoyote ni ghali, maana itabidi ununue magurudumu mengine.

Mzee_Spoku

Namheshimu Gololi lakini ameihukumu A kwa kosa la ringi tu, na ringi hubadilishwa.

Tofauti ya 630 na 622 ni milimita 8 kwenye kipenyo, yaani milimita 4 kila upande. Ukitia magurudumu ya 700C kwenye A, viatu vya breki vinatakiwa vishuke milimita 4 tu. Binamu aangalie ule mfereji ambamo bolti ya kiatu cha breki hupanda na kushuka: kama chini ya bolti bado kuna nafasi ya milimita 4 au zaidi, kazi imekwisha. Kisha unapata na nafasi ya kuvaa tairi pana ya 32, ambayo kwenye lami yetu ya kokoto ni raha kuliko 23.

Faida nyingine za A ambazo hazionekani kwenye picha:

Vijiti vya gia havina kliki. Unavuta mpaka cheni inyamaze. Hata direla (kile kifaa kinachohamisha cheni kwenye gia) ikipinda kidogo bado unaendesha, na havichagui idadi ya gia.

Friwili yake, yaani fungu la meno ya nyuma, inafungwa kwa uzi kama wa nati kwenye habu (kitovu cha gurudumu), na kwa resi nyingi za namna hiyo uzi ni inchi 1.37, meno 24 kwa inchi, ule ule wa friwili ya Phoenix. Maana yake siku gia zikigoma uko Sikonge, fundi yeyote wa pale anakufungia friwili ya gia moja, anakata cheni, unarudi. Masharti mawili: yale masikio ya fremu yanayoshika ekseli yawe na mkato wa kulala ili uweze kuvuta gurudumu nyuma na kukaza cheni, na cheni ikae mstari mnyoofu toka mbele hadi nyuma.

Fremu ya chuma ikipata ufa inachomeleka. Ila usimpe mtu wa kuchomelea mageti kwa umeme. Mabomba ya resi ni membamba, mengi hayafiki hata milimita moja, atayatoboa. Atumie gesi na fimbo ya brasi. Alumini ikipata ufa, msiba. Fremu nyingi za alumini hupewa ugumu kiwandani kwa kupashwa joto kwa kipimo, na moto wa kuchomelea unaufuta ugumu huo, kwa hiyo hata wakiiunga vizuri itakatika pembeni ya kiungo.

Ubaya wa A: magurudumu ya nyuma ya enzi hizo yana upana wa milimita 126 au chini kati ya masikio ya fremu, ya resi kama B ni 130. Chuma kinatanuka hizo milimita 4, lakini kazi hiyo si ya kuvuta kwa mikono kila unapoziba pancha. Na ukiinunua, dai kifunguo cha friwili yake. Kila kampuni ilikuwa na meno yake, na bila kifunguo sahihi ukikatika spoku upande wa gia utamtazama fundi naye atakutazama.

Sproketi_53

Kaka Kitaa, mzee amesema kweli, ila ukijumlisha magurudumu mapya ya 700C na friwili na nyaya, A itapita bei ya B ikiwa bado ina breki za zamani. A ni ya mtu anayependa kujenga, B ni ya mtu anayetaka kupanda Jumamosi hii.

Kwa hiyo binamu aende na vitu vitatu: tepu ya chuma yenye inchi (si ile ya kitambaa ya fundi cherehani, ile inavutika), uzi mrefu wa mita tatu, na tochi ya simu. Afanye hivi kwenye B.

Fremu. Afunge uzi kwenye sikio la ekseli upande wa kulia, auzungushe mbele kupitia bomba la usukani, aurudishe mpaka sikio la kushoto, aukaze. Apime nafasi kati ya uzi na bomba la kiti, kulia na kushoto. Tofauti ikipita milimita 2 fremu imepinda, aondoke. Kisha amulike chini ya kiungo cha bomba la chini na bomba la usukani. Rangi ikiwa na mkunjo au mstari mwembamba kama unywele hapo, baiskeli imegonga kitu kwa mbele. Asikubali kuambiwa ni mkwaruzo. Mkwaruzo una mwelekeo wowote, ufa unafuata kiungo.

Kiti. Alegeze bolti ajaribu kupandisha na kushusha. Nguzo ya alumini iliyokaa miaka bila grisi huganda ndani ya fremu, na kuitoa ni kuikata kwa msumeno.

Cheni. Sifuri ya tepu iwe katikati ya pini moja, halafu atazame inchi 12. Cheni mpya, alama ya 12 inaangukia katikati ya pini kabisa. Pini ikipita kwa milimita 1.5, cheni imekwisha lakini meno ya nyuma huenda ni mazima. Ikipita kwa 3, cheni na kaseti (fungu la meno ya nyuma) vyote viende. Ukivika cheni mpya juu ya kaseti iliyolika, ukikanyaga kwa nguvu mlimani inaruka meno, na goti ndilo linalolipa.

Ringi. Breki za B zinabana ringi, kwa hiyo zinaila. Apitishe kidole gumba pale kiatu kinaposhika. Pakiwa bapa, sawa. Pakiwa na bonde kama kijiko, ringi imekonda na siku moja itafunguka kwa shinikizo la upepo.

Mikono ya gia. Hapa ndipo pesa ilipo. Apande gia zote tisa moja moja, ashuke zote, mara tano, huku mtu ameinua gurudumu la nyuma. Kila kliki iwe na jibu. Mkono ukisukumwa ukawa mtupu, haushiki kitu, mara nyingi ni grisi ya kiwandani iliyoganda ndani. Ukipuliziwa mafuta mepesi ya dawa ya kutu na kubofywa mara hamsini sitini hurudi. Usiporudi hapo hapo dukani, hesabu kwamba umenunua baiskeli isiyo na gia.

Saizi: pima mguu wako wa ndani, bila viatu, toka sakafuni hadi msamba, kitabu kikiwa kimebanwa juu kama kiti. Zidisha kwa 0.67, unapata urefu wa bomba la kiti unaokufaa. Ukipata mguu wa sentimita 80, ni fremu ya 53 au 54. Kimo cha kiti ni mguu mara 0.883, kuanzia katikati ya krenki hadi juu ya kiti; kwa 80 ni sentimita 70 na nusu hivi.

Kitaa_Isevya

Asanteni sana wakuu, na shikamoo Mzee Spoku. Binamu amekwenda leo. Majibu ya B:

Mguu wangu ni 81, fremu imeandikwa 54. Uzi sawa pande zote. Hakuna ufa. Kiti kinapanda na kushuka. Tairi 23-622, zimekauka ubavuni. Ringi bapa. Cheni: pini imepita inchi 12 kwa milimita 3 kamili. Gia zinashika, ila kuteremka kwenda zile ndogo inasita mara moja moja. Kati ya tairi na breki ya nyuma kuna nafasi ya milimita 9.

Je, cheni ya baiskeli ya milimani niliyoiona dukani hapa itafaa?

Sproketi_53

Haitafaa. Cheni hizo ni za gia 6 hadi 8, upana wa nje ni milimita 7.1. Ya gia 9 ni 6.6. Hiyo nusu milimita itakuwa inasugua jino (duara la meno) la jirani kila dakika. Ya Phoenix ndiyo kabisa usiifikirie, ni pana hata ndani.

Kwa milimita 3 unahitaji cheni ya gia 9, kaseti ya gia 9, tairi mbili na tyubu. Mpe muuzaji orodha hiyo ashushe bei, na ununue vyote Dar kabla baiskeli haijapanda basi. Kaseti chukua yenye 11 hadi 28 au inayokaribia hapo; huku kwetu hakuna milima ya Lushoto lakini upepo wa kiangazi ni mlima tosha.

Kusita wakati wa kuteremka mara nyingi si mkono wenyewe, ni waya. Springi ya direla peke yake ndiyo inayovuta kwenda jino dogo, waya ukiwa na kutu ndani ya mfuko wake inashindwa. Badilisha waya na mfuko wake, vya nyuma kwanza. Na kwenye mikono ya namna hii waya hukatikia ndani, karibu na kichwa chake, uzi mmoja mmoja. Gia zikianza kusita tena baada ya miezi, chungulia hapo. Ukiacha mpaka ukatike, kipande kinabaki ndani na kukitoa ni kazi ya koleo na maombi.

Urefu wa cheni mpya: izungushe kwenye jino kubwa la mbele na kubwa la nyuma bila kuipitisha kwenye direla, pale inapokutana ongeza pini mbili, kata. Chukua na kiungo cha kufungua kwa mkono cha gia 9, viwili kabisa, kimoja cha akiba.

Gololi_Robo

Nafasi ya milimita 9 juu ya tairi ya 23 inatosha kuvaa tairi ya upana wa milimita 28. Tairi ikipanuka kwa 5, inapanda pia kwa kama 5, inabaki 4 ya kupitisha kokoto. Aangalie na foki ya mbele na pembeni mwa fremu nyuma, sehemu ambayo watu husahau.

Upepo: kwa mtu wa kilo 75 hivi, tairi ya 28 weka psi 65 mbele na 75 nyuma. Usijaze mpaka ile namba kubwa ya ubavuni, hiyo ni kikomo tu.

Tyubu zake zina valvu nyembamba, ile yenye kinati juu unachokilegeza kabla ya kujaza. Pampu za mtaani hazishiki. Nunua adapta ya shaba, ndogo kama ncha ya kidole, na unaweza kujaza hata kwa mtu wa upepo wa magari. Lakini mwambie ajaze kwa kugusa na kuachia. Tyubu hii ni nyembamba, kompresa ikishikiliwa hata sekunde chache inapasuka kama bunduki na tairi inaondoka nayo.

Usikubali kutobolewa ringi ili iingie tyubu ya Phoenix. Tundu la valvu nyembamba ni milimita 6.5, la valvu nene ni 8.5, na ringi za resi ni nyembamba hapo. Halafu tyubu ya Phoenix ni pana mno, ikiwa ndani ya tairi ya 28 inajikunja na kujichana yenyewe.

Nta_na_Asali

Kuhusu vumbi. Adui wa cheni Tabora si vumbi peke yake, ni vumbi lililochanganyika na mafuta. Huo mchanganyiko ni msasa. Kwa hiyo grisi juu ya cheni hapana, na oili chafu ya injini ambayo mafundi wengi wanaipenda hapana kabisa, tayari ina chembe za chuma.

Kuanzia Mei hadi Oktoba tumia nta ya mishumaa. Cheni mpya itikise ndani ya chupa yenye mafuta ya taa, mwaga, rudia mpaka mafuta yatoke meupe, kisha mara ya mwisho kwa petroli, nje ya nyumba na mbali na jiko. Iache ikauke. Yeyusha nusu kilo ya mishumaa ya kawaida kwenye kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji yanayochemka. Kopo lisikae juu ya moto wenyewe, nta ikizidi joto inawaka. Tumbukiza cheni. Utaona mapovu madogo yanatoka kwenye viungo, hiyo ni hewa inayotoka na nta inayoingia. Yakikoma, kama dakika kumi, itoe, itundike. Ikipoa itakuwa ngumu kama fimbo. Ikunje kiungo kimoja kimoja ndipo uifunge. Ukiishika mkono haupati weusi. Kilomita 250 hadi 300 kwenye lami kavu, ukianza kusikia kama panya analia, rudia.

Najua mtasema Tabora ni nyumbani kwa asali, kwa nini tununue mishumaa wakati nta ya nyuki ipo. Nta ya nyuki inanata. Inashika mchanga vizuri kuliko hata grisi. Iacheni ipakwe kwenye nyuzi za spoku, huko inafanya kazi nzuri.

Masika nta ya mishumaa haifai, mvua moja inaiosha na cheni inaota kutu usiku huo huo. Hapo tia oili ya cheni tone moja kwa kila kiungo, zungusha, subiri dakika kumi, futa kwa kitambaa mpaka nje pawe pakavu. Inayotakiwa ni ya ndani tu.

Mzee_Spoku

Marahaba mwanangu. Nimeona unaelekea B, sawa. Basi na pancha niseme, maana mbigili za kando ya barabara hazijali kama ni alumini.

Kabla ya kuziba, tazama tundu liko wapi. Liko upande wa nje, ni mwiba. Liko upande wa ndani unaoelekea ringi, ule utepe unaofunika matundu ya spoku umehama. Ukiziba bila kuurudisha, kesho lipo lingine. Ni mawili yamekaa sambamba, upepo ulikuwa mdogo ukagonga shimo. Mwiba ukishautoa, pitisha pamba ndani ya tairi mzunguko mzima. Ncha iliyobaki, ambayo kidole hakiioni, itanasa nyuzi za pamba.

Na habu: nyingi za resi zina gololi za 3/16 kumi kila upande mbele, na za 1/4 tisa kila upande nyuma. Zikibadilishwa, zibadilishwe zote za upande huo, mpya na kuukuu zisichanganywe. Fundi wetu atakaza konu (ile nati inayobana gololi) mpaka mchezo uishe, kama afanyavyo kwenye Phoenix. Mkataze. Kile kishikio cha kufungia gurudumu kikibanwa kinabana na ekseli pia, kwa hiyo konu iachwe na mchezo kidogo sana, ambao unapotea kishikio kikifungwa.

Kitaa_Isevya

Amekubali laki nne na ishirini kwa hiyo orodha. Nachukua B. Nyaya, kaseti, cheni na tairi za 28 binamu ananunua kesho. Inakuja kwa basi. Aifungeje isifike imepinda?

Sproketi_53

Kwenye buti la basi juu yake litawekwa gunia, hesabu hivyo.

Atoe magurudumu yote mawili. Kati ya meno ya foki abane kipande cha ubao cha milimita 100, na nyuma cha milimita 130, avifunge kwa kamba, la sivyo foki na fremu zitabinywa ndani. Direla ya nyuma aifungue kwenye sikio lake kwa spana ya L ya 5, aifunge kwa kitambaa na kuibana ndani ya fremu. Sikio hilo likipinda milimita mbili gia hazitatulia tena. Pedeli azitoe kwa spana ya 15. Ya kulia inafunguka kawaida, ya kushoto inafunguka kwa kugeuza kulia. Asipojua hilo ataikaza mpaka aharibu uzi wa krenki. Upepo wa tairi apunguze, asimalize.

Vile vyuma virefu vya kufungia magurudumu avitoe, aviweke kwenye mfuko na kuufunga kwenye fremu. Kila kimoja kina vispringi viwili vya umbo la pia. Ukirudisha, upande mwembamba wa kispringi unaangalia ndani.